Kona ya Spana: Gari kubwa, mbona inarusha hivi?

Toleo lililopita niliomba wenye magari makubwa, yale ya viti saba na makalio mapana, mniandikie kinachowasumbua, na kwa kweli mmeniweza, simu imejaa mpaka imeanza kugoma. Nimechagua barua chache tu. Majina ya kampuni, gereji na mayadi nimeyafuta yote, msinilaumu, mi ni fundi sio wakili. Halafu nilidhani mtalia zaidi na injini, kumbe wengi mnalia na mgongo.

*Shikamoo mzee. Mwaka jana mi na mume wangu tulinunua gari kubwa, siku ya kuijaribu ilikua tamu kama kitanda. Tulivyoifikisha nyumbani mume wangu akasema rimu zake za kizee, akafunga za inchi 22 nyeusi, na kweli inapendeza, watu wanageuka. Toka siku hiyo kila tuta la Bagamoyo Road nalisikia kwenye meno, mtoto anatapika, na tukienda Chalinze ikifika mia usukani unatetemeka. Fundi wa kwanza kabadilisha shokapu za mbele, wa pili kabadilisha zote nne, wa tatu anasema chesisi ilishapigwa tuiuze tu. Tumeshakula zaidi ya milioni mbili. Tuiuze?* (Mama J., Mbezi)

Marahaba mwanangu. Msiuze kitu. Chukua ile futi ya fundi cherehani nenda stoo zilipo tairi za zamani, natumaini hamjazigawa. Naweka dau ubavuni pameandikwa 265/65R17 au kitu cha jirani yake. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya huo upana, nayo ndo kimo cha ubavu, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Sasa asilimia 65 ya 265 ni milimita 172, yani una sentimita 17 za mpira na upepo kati ya rimu na lami. Njoo kwenye hizo nyeusi. Size ambayo watu wengi wanafunga kwenye gari ya kimo hicho ni 275/40R22, ubavu wake milimita 110. Ukipima tairi nzima kutoka chini mpaka juu ya zamani ina sentimita 77.6 na mpya 77.9, ndo mana kwa macho gari imekaa vilevile na spidomita haijadanganya, ila godoro mliloliendea siku ya kwanza limekatwa sentimita 6 na aliyelikata yuko humohumo ndani anaangalia tamthilia.

Shokapu haiwezi kurudisha hizo sentimita hata ukifunga za dhahabu. Tena rimu ya 22 kwa kawaida inakua nzito, na uzito wa gurudumu ni tofauti na uzito wa bodi, springi hazijaubeba, ziko juu yake, kwa hiyo likirushwa na shimo shokapu ndo inahangaika kulirudisha chini. Na huo mtetemo wa kwenye mia nadhani rimu moja au mbili zimeshapinda, mana ubavu mwembamba ukiingia shimoni lami inakutana na chuma. Mwambie fundi wa balansi aizungushe rimu kwenye mashine wewe ukiwa umesimama pembeni, weka macho kwenye ukingo wake wa ndani, ule usioonekana gari ikiwa imesimama, kama unapanda na kushuka mmeshapata jibu.

Fungeni zile za zamani wiki moja, bure, kabla hamjatoa senti nyingine. Kama mlishaziuza tafuteni za 17 au 18, ila kwanza mtu ahakikishe rimu inapita juu ya kalipa ya breki, kile chuma kinachobana diski, gari nyingine zina breki kubwa na 17 haiingii. Halafu upepo. Kuna stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, gari nyingi za aina hii inasema PSI (kipimo cha upepo) kati ya 29 na 36 hivi, lakini kijana wa sheli akiona gari kubwa anakupigia 45 na anaona kakusaidia. Pimeni asubuhi tairi ikiwa baridi. Na msishushe chini ya stika eti iwe laini, hasa kwa hizo nyembamba, mtamaliza rimu zilizobaki.

Kuhusu chesisi, huyo fundi wa tatu akuonyeshe kwa kidole ilipopigwa, au akupe karatasi ya alaimenti, kile kipimo cha mnyooko wa magurudumu, yenye namba. Akishindwa, muage vizuri.

*Assalam aleikum mzee wetu. Gari langu la mipira ya upepo badala ya springi, likiwa safarini raha kweli, lakini likilala nje usiku mmoja asubuhi nalikuta limepiga magoti upande wa nyuma kulia kama ngamia. Nikiwasha lainuka, lachukua kama dakika mbili tatu, siku hizi hata tano. Makanika aniambia kompresa imechoka ninunue mpya. Bei yake yanitoa jasho. Wasemaje?* (Abu S., Mombasa)

Waaleikum salaam. Kompresa imechoka kweli, ila ukifunga mpya leo bila kuziba tundu baada ya miezi michache utaniandikia tena. Hiyo pampu imetengenezwa ifanye kazi kidogokidogo, inuke, ijaze, ilale. Yako inafukuzana na upepo unaotoka usiku kucha, na inafanya hivyo ikiwa ya moto, ndo mana dakika mbili zimekua tano.

Kwa kua inalala kona ileile kila siku, anzia hapohapo. Inua gari mpaka juu kabisa, izime, changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia, puliza mpira wote lakini hasa pale chini unapojikunja na pale juu bomba linapoingia, kisha subiri. Usitegemee povu kubwa la kufulia. Tundu la namna hii linatoa vipovu vidogo kama vya soda, vinakuja pole pole, mtu mwenye haraka havioni. Mpira wa zamani huwa unapasuka nyufa kwenye mkunjo, vumbi na chumvi ya pwani vinamalizia. Ukipata tundu badili mpira huo, na kama wa kushoto una umri uleule ubadili pia, hautakaa nyuma ya mwenzie sana. Baada ya hapo ndo uiangalie kompresa, na ndani yake kuna chembe za kukausha unyevu, zikishajaa maji upepo unaingia na unyevu unaharibu vali, watu wengi wanasahau kuzibadili. Na rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, iliyofanya kazi miaka yote hiyo ibadilishe, ni bei ya chai ukilinganisha na pampu, ikigandia kwenye kuwasha inaichemsha pampu mpya mpaka inaungua.

Wengine watakuambia ng'oa mfumo wote funga springi. Sio dhambi. Gari itakua ngumu kidogo na haitapanda tena kwenye madimbwi, na kompyuta ikiwa haijaambiwa itakuwashia taa kila asubuhi, lakini kwa mtu ambaye mpira mmoja unamtoa jasho ni uamuzi wa akili. Kitu kimoja nakuomba kama mwanangu: usiingize kichwa chini ya hiyo gari eti imesimama juu, bila stendi za chuma. Upepo ukiamua kutoka haubishi hodi.

*Mzee, gari ikikata kona kupaki inakaba kama mtu kashika breki, tairi zinalia, nimeambiwa difu imekufa. Ilianza baada ya kutoka msibani Lushoto wakati wa mvua.* (Dada wa Tanga)

Nani alikua anaendesha kwenye tope? Mwambie aje abonyeze ile swichi tena aitoe. Amefunga difu ya katikati na hajaifungua, angalia kwenye dashibodi kuna kataa kadogo ka rangi ya machungwa. Gari yako inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na ukikata kona, ya mbele na ya nyuma yanatembea umbali tofauti, difu ya katikati ndo inawasuluhisha. Ukiifunga kwenye tope sawa, mana tairi zinateleza na kupumua, kwenye lami hazina pa kutelezea zinavunjana na vyuma. Ukitoa na taa ikagoma kuzima, rudi nyuma mita chache huku unazungusha usukani itaachia. Kama ikiendelea kukaba taa ikiwa imezima, basi angalia kama tairi zote nne ni size moja na zimelika sawa, kisha ndo tuongelee difu.

*Habari ya kazi fundi. Mimi niko Ruaka, gari ni dizeli ya 2016, kazi yake ni kupeleka watoto shule na kurudi, kama kilomita nne hivi. Taa ya injini imewaka, nguvu hakuna, kwa mlima inakataa kabisa. Mekanika anasema tutoe filta ya moshi tuitoboe katikati, turudishe, itakuwa sawa. Nikubali?* (Baba W.)

Nzuri tu kaka. Usikubali kwanza, na ntakuambia kwanini maana hii barua nimeipata mara sita kwa maneno tofauti.

Hiyo filta inakusanya masizi, ikijaa inayachoma yenyewe, na ili yaungue inahitaji joto la karibu nyuzi 600, joto hilo huwezi kulipata kwa kilomita nne na foleni ya getini. Injini inajaribu, inamwaga dizeli ya ziada ili moshi uwe wa moto, wewe unafika shule unazima. Kesho inajaribu tena unazima. Ile dizeli ambayo haijaungua inateleza kwenye kuta za silinda inaingia kwenye oili. Fanya hivi leo jioni, vuta dipstiki, kama oili imepanda juu ya alama ya mwisho na ukinusa inanukia dizeli, ujue ndo hiyo hadithi, na oili imwagwe haraka kabla haijala beringi za injini. Mimi nimeshawahi kuvuta dipstiki ya gari ya mteja oili ikadondoka kama maji, mwenyewe alikua anafurahi kwamba gari yake haili oili bali inaongeza.

Kama taa ndo kwanza imewaka na gari bado inakimbia, ipeleke Naivasha, dakika 20 mpaka 30 mfululizo, mwendo wa kutosha, usiwe na gia ya juu sana. Lakini wewe nguvu zimeshakatika, hiyo inahitaji mashine ya kupima iilazimishe kujichoma ikiwa imesimama mahali pa wazi, sio juu ya majani makavu tafadhali. Na yule anayekufanyia asome pia nozeli, zile zinazomwaga dizeli kwenye injini, zinarudisha dizeli kiasi gani, kwa sababu nozeli mbovu inatoa masizi kuliko kawaida, filta ni mdomo tu, ugonjwa unaweza kua tumboni. Oili nayo iwe ile maalumu ya gari zenye hii filta, imeandikwa kwenye kitabu cha gari, sio ile ya ndoo.

Na mafuta yetu pia sio mabaya kama watu wanavyodai, ila hayafanani na ya huko gari ilikozaliwa. Afrika Mashariki tulishusha salfa kwenye dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, Ulaya walishafika 10 mwaka 2009. Ndo mana gari mpya za dizeli zina mafua hapa. Kwa safari ya kilomita nne, kaka, kwa heshima zote, ulihitaji ya petroli.

*Fundi wangu anasema oili ya giaboksi ya otomatiki haibadilishwi maisha yote. Kweli?* (Msomaji, Dodoma)

Maisha ya nani? ZF wa Ujerumani, ambao giaboksi zao ziko kwenye gari kubwa nyingi za Ulaya, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8. Gari yako imekuja kutoka Japani ikiwa na umri gani? Haya.

*Mzee shkamoo, mi ni dereva wa utalii Arusha. Gari tunabeba wageni saba, begi, friji, tairi mbili za akiba juu. Barabara ya vumbi ile imejikunja kama bati, ukitoka Naabi kuingia Serengeti. Shokapu za nyuma zinamaliza msimu mmoja zinavuja. Bosi anasema mimi ndo naendesha vibaya.* (Dereva)

Marahaba. Bosi ana nusu ya ukweli, nusu nyingine ni yeye. Kwenye bati lile shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde bila kupumzika, oili ya ndani inachemka, inachanganyika na hewa inakua povu, na povu halizuii kitu, ndo ile dakika ya arobaini unahisi nyuma inaogelea. Jioni ukishuka sogeza kiganja karibu na shokapu usiiguse, utasikia joto kama la jiko la mkaa. Sili ikipikwa hivyo kila siku miezi minne lazima ivuje.

Yako ni kupunguza upepo kidogo kwenye vumbi na kurudisha ukifika lami, na kusimama dakika kumi wageni wapige picha twiga, hata kama twiga hayupo. Ya bosi ni springi. Kama zile za nyuma ni za kiwandani na gari inatembea imejaa mwaka mzima, imekaa chini muda wote na shokapu inafanyia kazi kwenye kipande cha mwisho. Anunue springi za uzito huo, na shokapu zinazoendana nazo, zenye mwili mnene wa kubeba oili nyingi. Lakini asiifungie na gari yake ya nyumbani, springi ya kubeba watu saba ukiwa peke yako inakurusha kama punda. Na zile tairi mbili za juu, moja ishuke.

*Salamu kutoka Muscat. Nataka kumpelekea kaka yangu Tanga gari kubwa ya petroli, ya 2012, haina hata doa la kutu, imetembea kidogo. Kuna tatizo?* (Ami Kh.)

Ami, kutu hamna kweli, zile za Japani zilizokaa mikoa ya theluji chini zimeliwa na chumvi ya barabarani, yako itakua safi kama sahani. Ila jua la huko linamaliza kila kitu cha mpira. Bushi za mikono, mipira ya stabilaiza, mipira ya milango, mabomba ya maji, vyote vinakauka na kupasuka hata kama kilomita ni chache. Ikifika Tanga kwenye mashimo itaanza kugonga wiki ya kwanza na kaka yako atasema umempelekea mkweche. Badilisha huko huko bushi zote, spea mnazo. Tairi pia, angalia namba nne za mwisho ubavuni, 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017, kama ni za zamani hivyo usizisafirishe hata zikiwa na meno. Halafu usukani uko kushoto, muulize kaka yako kama yuko tayari kutoa kichwa kizima nje ya mstari ndo aone kama lori lingine linakuja.

*Mzee, mi ni yule wa Morogoro, nilikuandikia kwamba nikisimama kwenye taa, sekunde moja baadae nasikia ngumi nyuma kama mtu kanigonga, nikageuka kugombana na bodaboda wa watu. Ukaniambia nipige grisi propela, lile shafti refu la chini linalopeleka nguvu nyuma. Nikapiga, ikaisha kabisa. Sasa wiki ya tatu imerudi.* (Yuleyule)

Natumaini bodaboda ulimwomba radhi. Wiki tatu ni chache mno, grisi nzuri kwenye ile sehemu propela inapoteleza kuingia na kutoka inatakiwa ikupe miezi. Kuna mawili. Aidha kijana alipiga kwenye vichuchu (vitundu vya kuingizia grisi) vya krosi, yale maungio ya propela, akaacha kile cha kwenye mteleza, ambacho huwa kimegeukia juu na kimejaa tope, au alisukuma mpaka ikajaa pomoni, na ikijaa hivyo propela inakosa pa kurudi inagonga vilevile. Chomoa kichuchu uone kama grisi inaruka nje yenyewe. Kama hairuki, weka gari kwenye tambarare, kabari za mawe mbele na nyuma ya tairi, gia huru, ingia chini shika propela kwa mikono miwili uizungushe kushoto kulia huku umeegemeza dole gumba pale inapoungana. Ukisikia dole linachezacheza na kuna mlio mdogo wa tik, meno yamelika na grisi haitasaidia tena. Nitumie video, ila safari hii washa tochi, ile ya kwanza niliona kiatu chako tu.